Njia za Mlima wa Chimala

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya, akiisha kupita Makambako na kuteremka hata Igawa, huingia katika uwanda wa Usangu. Na tangu hapo, upande wa mkono wake wa kushoto, huandamana na ukuta wa milima. Ukuta huo ni ubavu wa milima ya Kipengere. Chini yake nchi ina kimo cha mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ina joto, ina mpunga na ng'ombe. Juu yake, mahali ambapo jicho laona mstari wa nyasi tu, nchi ina mita 2,600, ina baridi, ina viazi na pareto na kondoo. Chimala ni mji uliokaa katika mguu wa ukuta huo, pale mto uitwao kwa jina hilo hilo unapoponyoka kutoka milimani na kwenda kuutafuta Ruaha Mkuu. Mahali penye tofauti kubwa namna hiyo kati ya juu na chini, na penye watu wanaohitajiana juu na chini, hapakosi njia. Historia ya Chimala, ikitazamwa vema, ni historia ya kupanda na kushuka.

Katika miaka hii limezuka swali jipya juu ya njia za namna hiyo. Wako wasafiri ambao mapumziko yao si kulala mchangani, bali ni kupanda baisikeli mahali ambapo muundaji wa kwanza wa baisikeli hakutazamia ipite: juu ya mizizi, juu ya mawe, katika ujia usiotosha watu wawili kupishana. Wengi wao huanza safari visiwani. Lakini Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe na udongo mwekundu, na kilele chake cha juu hakifiki hata mita 150. Baisikeli ni nyingi huko tangu zamani, mlima hakuna. Mgeni aliyechoka na pwani baada ya siku tatu, akauliza mlima uko wapi, huelekezwa bara. Na bara hutajiwa Kilimanjaro, Usambara na Uluguru. Nyanda za Juu za Kusini hutajwa mwisho, kama hutajwa. Naye akifika huko, swali lake la kwanza huwa hili: njia ziko wapi? Laonekana kuwa swali la jiografia. Kwa kweli ni swali la historia, kwa sababu hakuna njia ya mlimani isiyokuwa na mtu aliyeipita kwa haja yake kabla mwingine hajaipita kwa furaha.

Haja za kale katika mlima huu zilikuwa za namna nyingi. Wakinga, wakaao juu, walikuwa wafua chuma. Kabla jembe la kiwandani halijafika, majembe yao yaliuzwa kwa Wanyakyusa na kwa majirani wengine. Wakisi wakaao ufuoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa pili wa milima, walikuwa wafinyanzi, na hata leo wanawake wao hufinyanga vyungu ambavyo sifa yake imevuka mipaka ya nchi yao. Vyungu hivyo vilichukuliwa kwa mitumbwi kando ya ziwa, na kwa vichwa kuelekea milimani. Wasangu walikuwa na ng'ombe na nafaka ya uwandani. Chuma hakiliwi, na ng'ombe halimi peke yake. Basi watu walipanda na kushuka.

Njia walizozifanya zina tabia yake, na yafaa kuitazama tabia hiyo polepole, kwa kuwa ndiyo itakayoamua mambo yote yanayofuata. Mchukuzi mwenye mzigo kichwani hapendi kuzunguka. Atapanda kwa hatua fupi mahali pakali kuliko kuuongeza mwendo wake maradufu. Hapendi bonde, kwa maana bondeni mna kichaka, utelezi na maji yasiyotabirika. Hupenda mgongo wa mlima, ambao hukauka upesi baada ya mvua na ambao humpa macho ya kuona mbele. Tena hupenda kupumzika mahali palipo na kivuli na jiwe la kutulia mzigo bila kuuteremsha mpaka chini. Kwa hiyo njia ya miguu ya mlimani hupanda moja kwa moja juu ya mgongo, husimama pumziko kwa pumziko, na hukatiza bonde mahali pamoja tu, palipo na kivuko chema. Mhandisi akiiona husema imechorwa na mbuzi. Imechorwa na shingo ya mwanadamu.

Wafanyabiashara wa pwani waliijua nchi ya uwandani kwa jina la Urori, na wenyeji wake kwa jina la Warori. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip, aitaja Urori katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili. Walikuja kutafuta pembe, na katika biashara hiyo watu pia waliuzwa. Maana njia ileile iliyochukua chungu ilichukua na mnyororo. Jambo hili si la kupita haraka kwa mtu asifuye uzuri wa njia za kale. Kuna njia zilizotanuliwa kwa sababu waliopita walikuwa wamefungwa pamoja.

Katika miaka ya 1870 Usangu ilikuwa katika taabu. Wahehe waliokuwa wameunganishwa na Munyigumba, baba wa Mkwawa, waliwasukuma Wasangu, na mtemi Merere alipigana nao kuilinda nchi yake. Katikati ya taabu hiyo, mwaka 1877, alitokea kutoka upande wa Ziwa Nyasa Mwingereza James Frederic Elton, konsuli wa nchi yake katika Msumbiji, pamoja na wenzake, mmoja wao akiitwa Cotterill. Walikuwa wakitafuta njia ya kutoka ziwani mpaka pwani. Walipanda kutoka nchi ya Wanyakyusa, wakavuka uwanda wa juu wenye nyasi na baridi, wakashuka kwa Merere, wakaikuta vita. Elton hakuifika pwani. Alikufa Ugogo mwezi wa Desemba mwaka ule ule, hajatimiza miaka arobaini, na Cotterill akayatengeneza maandiko yake yakapigwa chapa London mwaka 1879. Ramani za Waingereza ziliuita uwanda ule wa juu Uwanda wa Elton.

Basi konsuli aliupita uwanda huo mara moja tu maishani mwake, naye alipita kwa kuongozwa, kama kila msafara wa siku zile ulivyoongozwa: mtu wa kijiji hiki huonyesha njia mpaka kijiji kile, hupokea kipande cha nguo, hurudi. Hao walioonyesha walikuwa wamepita hapo mara mia. Majina yao hayako katika ramani. Wenyeji, kwa upande wao, waliendelea kuuita uwanda kwa jina walilolijua, na leo hii jina la Kitulo ndilo lililoshinda, na la Elton hukutwa katika vitabu vya zamani na katika vinywa vya wachache. Ushindi huo haukutangazwa na mtu yeyote. Ulikuja kwa sababu waliotumia jina moja walikuwa wakipita kila siku, na waliotumia jina la pili walikuwa wakisoma.

Yaliyofuata yajulikana na kila mwanafunzi, na hayahitaji maneno mengi hapa. Wadachi walishindwa na Mkwawa Lugalo mwezi wa Agosti 1891. Waliivunja Kalenga mwaka 1894. Mkwawa alikufa mwaka 1898. Merere, aliyekuwa upande wa Wadachi, alirudi Utengule, mji wa kale wa Usangu. Wamisionari wa Berlin walijenga Bulongwa, katika Ukinga, mwaka 1895, na kwa hiyo njia za mlimani zikapata wapitaji wapya: mwinjilisti, mtoto wa shule, mchukuzi wa barua. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Northey lilivuka kutoka Nyasa likaishika Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Likaingia Njombe, likapigana Malangali mwezi wa Julai, na mwisho wa Agosti likawa Iringa. Bunduki zilihesabiwa kwa uangalifu katika vita hiyo. Waliochukua chakula na risasi juu ya milima, kwa vichwa, katika mvua, hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Kumbukumbu yao kubwa katika nchi hii ni jina la soko la Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi cha wachukuzi lililogeuzwa kwa ulimi wa Kiswahili.

Sasa na itazamwe baisikeli. Mwaka 1817 Mdachi Karl Drais alifanya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli. Mpandaji alikisukuma kwa kupiga nchi kwa miguu yake. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry aliitoa Rover, iliyokuwa na magurudumu sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na hiyo ndiyo mama wa baisikeli zote za leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop aliuleta mpira wa hewa. Chombo kilichofika Tanganyika kwa wingi katika zama za Waingereza kilikuwa kimekwisha komaa: baisikeli nyeusi ya chuma, iliyokaribia kilo 20, yenye gia moja, magurudumu makubwa, breki za vyuma vya kuvuta, na keria nyuma. Raleigh ya Nottingham ilikuwa ndiyo kipimo cha heshima; baadaye ilikuja Phoenix ya Uchina, ikakaa.

Waliokuwa nayo kwanza walikuwa watu wa mshahara: karani, mwalimu, bwana shamba, mhubiri. Kisha wakaja watu wa migodi. Vijana wa Nyanda za Juu za Kusini walikwenda katika dhahabu ya Lupa, iliyousababisha mji wa Mbeya kuanzishwa mwaka 1927. Walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Walikwenda katika shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Na wengine waliandikwa na Wenela wakapelekwa katika migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, mpaka nchi ilipopata Uhuru na uandikishaji huo ukakomeshwa. Kijana aliyerudi na baisikeli alirudi na ushahidi. Fedha huisha na nguo huchakaa, bali baisikeli yasimama ukutani na kila apitaye huiona.

Uwanda wa Usangu ulikuwa kama umeumbwa kwa ajili ya chombo hicho. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilianzishwa huko na Mabaluchi waliohamia, kikaenea kwa wenyeji na kwa wageni wengine, na mpunga ukahitaji kutoka majarubani kwenda mashineni na kutoka mashineni kwenda barabarani. Gunia juu ya keria, mtu nyuma akisukuma au juu akikanyaga: picha hiyo yaonekana Chimala mpaka leo, ijapokuwa pikipiki imekwisha kuinyang'anya baisikeli nusu ya kazi yake. Mlimani mambo yalikuwa kinyume. Kwa mtu wa Usangu baisikeli ilikuwa miguu ya pili. Kwa mtu wa Ukinga ilikuwa mzigo wa pili. Kupanda nayo ni kuisukuma, na kushuka nayo, ikiwa breki ni zile za vyuma na njia ni ile ya shingo ya mwanadamu, ni kuizuia isikutangulie. Kwa hiyo watu walioishi umbali wa nusu siku kwa miguu waliishi katika historia mbili za uchukuzi, moja ya gurudumu na moja ya kichwa, na mahali zilipokutana palikuwa ni Chimala.

Kilichoziunganisha ni barabara ya gari. Kutoka Chimala kwenda Matamba, katika Wilaya ya Makete, gari hupanda ukuta kwa kona zenye kugeuka kabisa, moja juu ya nyingine, na barabara hiyo huitwa kwa hesabu ya kona zake: Hamsini na Saba. Jina hili ni la kutazamwa. Halikumheshimu gavana wala mtemi. Limetoka kwa watu ambao kazi yao iliwalazimu kuhesabu, yaani madereva na utingo wao, ambao walitaka kujua, kila walipogeuza usukani, zimebaki ngapi. Na kwa kuwa Makete ilikuwa katika Mkoa wa Iringa, na tangu 2012 imekuwa katika Mkoa mpya wa Njombe, ilhali Chimala iko Mbeya, hesabu hiyo huanza katika mkoa mmoja na kuishia katika mwingine.

Sababu ya kona ni nyepesi. Gari hununua wepesi kwa kulipa umbali. Kupanda mita 1,000 kwa mwinuko wa moja kwa kumi kwataka barabara ya kilometa 10. Mwenda kwa miguu, akubaliye mwinuko wa moja kwa nne, hufika kwa kilometa 4 na kitu. Ndiyo maana katika mlima wowote wenye kona, njia ya zamani haifi. Hubaki ikizikata kona moja kwa moja, kama uzi upitao katikati ya mikunjo ya nguo. Mama mwenye mzigo hupita hapo, na mtoto wa shule, na mbuzi. Kitu ambacho mgeni mwenye baisikeli huja kukitafuta kutoka mbali, akakiita kwa jina la michezo, ni uzi huo.

Michezo yenyewe ina tarehe. Tarehe 21 Oktoba 1976, katika vilima vya Marin, kaskazini ya San Francisco, karibu na mlima Tamalpais, vijana kadha walishindana kushuka njia ya udongo kwa baisikeli kuukuu zenye matairi manene, nyingi zikiwa za chapa ya Schwinn zilizotengenezwa kabla wao hawajazaliwa. Njia hiyo hushuka mita 400 hivi katika kilometa 3 na zaidi. Breki zilikuwa za kukanyaga nyuma, ndani ya kitovu cha gurudumu. Zilipata moto hata grisi yake ikatoka moshi, na baada ya kila mshuko ilibidi kitovu kifunguliwe na kupakwa grisi upya. Kazi hiyo ya kupaka upya ndiyo iliyoupa mshuko huo jina lake, Repack. Mmoja wao, Joe Breeze, aliunda mwaka 1977 baisikeli ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Gary Fisher, Charles Kelly na Tom Ritchey wakaifanya kuwa biashara mwaka 1979. Na mwaka 1996, huko Atlanta, mchezo ukaingia katika Olimpiki.

Moto ule wa grisi waweza kuhesabiwa, na hesabu yake yatufaa hapa. Mtu na chombo chake, wakiwa na uzito wa kilo 100, wakishuka mita 1,000 bila kuongeza mwendo, huacha njiani nguvu zinazotosha kuchemsha lita tatu za maji baridi. Nguvu hizo hazipotei; sehemu huchukuliwa na upepo na mtikisiko, na zinazobaki zote huingia katika breki. Ukuta wa Chimala ni zaidi ya mara mbili ya mshuko wa Marin. Mtu aushukaye na gunia la kilo 80 juu ya keria huichemsha sufuria kubwa kuliko ya kijana wa California, naye hana kitovu cha kufungua: ana kipande cha mpira juu ya ukingo wa gurudumu, na kikiisha, ana soli ya kiatu chake. Baisikeli zote mbili ni nzito, zote zina gia moja, zote ni za chuma. Mmoja alipandishwa juu kwa gari apate kushuka kwa furaha. Wa pili alipanda kwa miguu apate kushuka na kuuza. Historia ya baisikeli ya mlimani, kama iandikwavyo, huanza kwa yule wa kwanza. Historia hiyo si ya uongo. Ila imekatwa mahali pafupi.

Wala si Chimala tu inayoshuhudia. Katika Kivu ya Kaskazini, Kongo, watu huteremsha viazi, kuni na makaa kutoka milimani hata Goma kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli, ambacho mpandaji wake hupiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu wa pili. Drais angalikitambua papo hapo. Mji wa Goma umekisimamishia sanamu, jambo ambalo miji mingi yenye kulishwa na wachukuzi haijalifanya. Na Tom Ritchey yule yule wa California alifika Rwanda mwaka 2005, akaona baisikeli za mbao na za chuma zikibeba kahawa juu ya vilima, akarudi kubuni baisikeli ndefu ya kubebea kahawa, na mwaka 2006 pakafanywa mashindano yaliyoziingiza baisikeli za mbao pamoja na zile za mashindano. Kutoka katika juhudi hizo alitokea Adrien Niyonshuti, aliyeshindana katika baisikeli za mlimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 na aliyebeba bendera ya Rwanda siku ya ufunguzi. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba habari hizi ni za kuazima. Mlima umekwisha jibu upande huu wa bara.

Huko Chimala uwanda wenyewe ulibadilishwa na mambo makubwa kuliko baisikeli. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilihitaji mlango wa mashariki, na malori ya mafuta yakaanza kupita Usangu katika barabara ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi hata ikaitwa kwa jina la jahanamu. Bomba la mafuta lilimalizika mwaka 1968; lami ikafuata; na reli ya Uhuru, yenye kilometa 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina tangu 1970, ikapita Chimala na kuiachia stesheni. Katika miaka hiyo kumi mji wa mguuni mwa mlima ulipata njia tatu kuu za mashariki na magharibi. Njia zake za kaskazini na kusini, zile za kupanda, zilibaki kwa Hamsini na Saba na kwa uzi wa kale. Watu wa juu hawakuona ajabu. Viazi vyao vilishuka tu, vikakuta lori limesimama karibu zaidi.

Badiliko la karibuni limetoka juu. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ulifanywa Hifadhi ya Taifa, yenye zaidi ya kilometa za mraba 400, na sababu kubwa ya kuanzishwa kwake haikuwa simba wala tembo, bali maua; jambo lililokuwa geni katika Afrika ya joto. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuuita Bustani ya Mungu. Okidi za Kitulo zina viazi vidogo chini ya ardhi, na viazi hivyo huliwa Zambia kwa jina la chikanda. Uchimbaji wake kwa ajili ya soko hilo ulikuwa umekuwa mkubwa hata wataalamu wakahofia aina nyingine zisitoweke. Serikali ilifanya vema kuulinda uwanda huo. Hata hivyo ulinzi una gharama yake katika habari ya njia. Mstari wa mpaka ukichorwa juu ya nchi ipitwayo, baadhi ya mapito huwa ya hifadhi na baadhi ya kijiji. Aliyekuwa mpitaji huwa mwingiaji. Na mgeni aliyelipa kiingilio, akiwa na mwongozaji wake, aweza kupita mahali ambapo mjukuu wa mwonyesha njia wa zamani aulizwa anakwenda wapi. Hili halikuzuliwa Kitulo, nalo halina dawa nyepesi, lakini lisifichwe chini ya maua.

Tena kuna kalamu mpya ya kuchora ramani. Mpanda baisikeli wa leo hufunga mkononi saa iongeayo na setilaiti, na mwendo wake wote huandikwa, kila kona na kila mwinuko. Jioni huutuma mstari huo uonekane na dunia nzima, naye huupa jina alipendalo. Jina hilo, mara nyingi, ni la utani wa lugha yake. Wa pili ajaye huufuata mstari, wa tatu humfuata wa pili, na baada ya miaka michache mgongo ambao Wakinga waliupanda na majembe huwa na jina la mtu aliyeushuka kwa dakika arobaini. Habari ya Elton yarudi upya, kwa chombo chepesi zaidi. Tofauti ni kwamba safari hii kalamu haiko mikononi mwa konsuli peke yake. Kijana wa Matamba mwenye simu aweza kuandika katika ramani hiyo hiyo jina ambalo bibi yake alikuwa akiuita mgongo huo, na likikaa humo kwanza, la utani halitapata nafasi. Kazi hiyo yataka mtu aliyeketi na wazee akauliza jina la kila pumziko, maana majina mengi yako katika vinywa ambavyo havitangoja.

Kuhusu mgeni, kuuliza si ujinga. Atakayesimama penye kibanda cha fundi baisikeli Chimala, akaamkia, akapokewa, akaeleza atakako, atapata jibu bora kuliko la saa yake, kwa sababu fundi ajua njia ipi imevunja spoku za nani. Ataambiwa mgongo upi umekauka na upi umefanywa mfereji na maji. Jambo la mfereji ni zito. Njia ipandayo moja kwa moja hushuka moja kwa moja, na mvua huijua kama mtu aijuavyo. Unyayo huipondaponda na kuiacha, lakini gurudumu lililofungwa breki juu ya udongo uliolowa huchora mstari mmoja mwembamba, na mstari huo ndio maji ya mvua inayofuata huchagua kupita. Msimu mmoja watosha kuigeuza njia kuwa korongo la kufika magotini, na aliyeishia humo na ndoo ya viazi kichwani si yule aliyelichimba.

Mvua za nchi hiyo huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na maua ya Kitulo hufunguka katika mvua hizo, mengi zaidi kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo mlima wenyewe umekwisha kugawa nyakati. Atakaye maua na apande kwa miguu, akifuata pumziko kwa pumziko. Atakaye gurudumu na angoje Juni hata Oktoba, mgongo ukiisha kukauka. Ila achukue nguo nzito, kwa maana asubuhi za Juni na Julai nyasi za juu huwa nyeupe kwa jalidi, na vidole vya mtu aliyepanda kutoka katika joto la mpunga huchelewa kukamata breki.